Babu kaacha matranka mawili ya karatasi, mjomba anataka kuyachoma, nifanyeje?

mjukuu_chumbageni

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada na mnivumilie maana ni ndefu kidogo.

Babu yangu mzaa mama alifariki mwezi wa tatu hapa Tanga. Alikua mwalimu wa shule ya msingi mpaka anastaafu, lakini mtaani watu walikua wanamjua zaidi kama mshairi, alikua anatuma mashairi magazetini toka ujana wake na kujibizana na wenzie wa Pangani, Mombasa, Unguja mpaka Kigoma huko, alafu kwa miaka mingi alikua katibu wa chama cha washairi cha hapa mjini na baadae akawa mweka hazina wa kikundi cha taarabu. Chama kilishakufa na kikundi kilishakufa, ila karatasi zao zote zimebaki chumbani kwake maana yeye ndo alikua anaziweka.

Kuna matranka mawili ya bati na begi moja la ngozi la zamani. Ndani kuna madaftari, barua nyingi sana zimefungwa uzi, kaunta buku tatu za mihtasari ya vikao, leja ya ada za wanachama, vipande vya magazeti, kanda kama arobaini hivi, na muhuri wa chama wa mpira pamoja na kile kidude cha wino. Pia kuna karatasi za Kiarabu ambazo tutaziweka pembeni pamoja na misahafu.

Mjomba wangu mkubwa anataka chumba kipangishwe, mpangaji anaingia tarehe moja. Anasema tuchague mashairi yaliyoandikwa vizuri tubaki nayo, mengine tuchome kwa heshima maana yana majina ya watu. Si mtu mbaya, yeye ndo alikua anamuuguza babu na amechoka. Alafu kuna jamaa kaja jana anataka kununua bahasha kwa ajili ya stempu, anasema barua zenyewe tubaki nazo.

Babu hakua Shaaban Robert, hana hata kitabu kimoja kilichotoka. Je karatasi za mtu kama huyo zina maana kwa mtu yeyote zaidi ya sisi? Na kama zina maana tuzipeleke wapi na tusije tukadhulumiwa?

mtunza_kabati

Pole sana kwa msiba mwanangu, Mungu amlaze mahali pema.

Nimefanya kazi ya nyaraka miaka ishirini na saba na sasa nimestaafu. Kwanza usiuze bahasha hata moja. Washairi wa zamani wengi walikua hawaandiki tarehe kwenye barua, au anaandika "Ijumaa" basi, kwaiyo mwaka unaupata kwenye muhuri wa posta tu. Ukitoa bahasha umebaki na barua isiyojulikana imeandikwa lini wala wapi. Huyo jamaa anataka stempu za Tanganyika na za mwanzo za Muungano, zina soko, lakini bahasha ni sehemu ya barua, kama kichwa na shingo.

Pili, usipange kitu. Najua mkono unawasha kutaka kupanga, mashairi huku, barua kule, risiti kwenye takataka. Usifanye hivo. Namna babu yako alivyoziweka mwenyewe ni habari tosha, barua iliyolala katikati ya daftari imelala hapo kwa sababu, pengine shairi lililo kwenye ukurasa huo ndo jibu la hiyo barua, na ukishazitenganisha hakuna mtu duniani atakaeweza kuzikutanisha tena. Piga picha tranka likiwa wazi kabla hujagusa, alafu toa tabaka kwa tabaka, kila tabaka piga picha, kila fungu lipe namba. Tranka la kwanza T1, la pili T2, begi B. Fungu la kwanza T1-01 na kuendelea. Andika namba kwa penseli laini nyuma kwenye kona, wino usiguse kabisa.

Kuhusu swali lako kwamba hakua Shaaban Robert, ngoja nikwambie kuhusu huyohuyo Shaaban Robert. Kuanzia mwaka 1931 mpaka 1958 alikua anamwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Zile barua zina mambo ambayo hayapo kwenye vitabu vyake, kazi, mshahara, uhamisho, ndoa, vitabu vinavyokataliwa na wachapishaji. Leo tunazo, TUKI, yani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakazitoa kitabu mwaka 2002. Sasa jiulize tunazo kwa sababu ya nani? Aliyeziandika alizituma zikaondoka mkononi mwake. Tunazo kwa sababu aliyezipokea alizitunza. Babu yako amekua akipokea barua za washairi kwa miaka hamsini, hujui humo ndani kuna mwandiko wa nani. Mwambie mjomba hivo, kwa adabu.

Mengine ya haraka: pini za stepla na klipu zenye kutu zitoe taratibu kwa kisu butu, usivute kwa kucha. Raba bendi toa. Selotepu usibandike popote hata kama karatasi imechanika, inageuka njano na inakula maandishi, na laminesheni ndo kabisa usithubutu. Tranka lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta, liweke juu ya matofali au mbao sababu ya mchwa na unyevu. Nafutalini weka kwenye kitambaa kwenye kona, isilalie karatasi.

mjukuu_chumbageni

Shikamoo mzee wangu, asante sana. Nimesoma majibu yako kwa sauti mbele ya mjomba na mama. Mjomba hajasema kitu ila ameenda kuongea na mpangaji ampe wiki mbili.

Usiku huu nimefungua T1 kama ulivyosema. Yani sijawahi kuangalia hivi vitu vizuri maisha yangu yote na nimelelewa nyumba hii hii. Kila fungu la barua limefungwa uzi wa kushonea wa rangi yake na juu kuna kipande cha boksi la sabuni kimeandikwa mwaka na jina la mji. Kwenye madaftari kila mstari wa shairi juu yake kuna vidoti vya penseli, nikahesabu ni nane alafu kuna mkwaju mdogo alafu nane tena, kumbe alikua anahesabu mizani! Kuna shairi moja kalikata mara tano, kina cha kati kilikua "ni" akabadilisha "ma" akarudi tena "ni", pembeni kaandika kwa wino mwekundu "Bado. Halijalala." Nimekaa na hilo daftari mpaka saa nane usiku.

Mjomba alitaka tubaki na yale yaliyoandikwa vizuri. Hili angelichoma.

binti_wa_mvita

Asalaam aleikum dada, pole kwa kufiliwa.

Mimi ni wa Mombasa na hili jambo lanigusa sana. Wamjua Muyaka bin Haji, yule mshairi wetu aliyefariki 1840. Hakutwachia diwani mkononi. Mashairi yake yalikuwa vichwani mwa watu na kwenye vijikaratasi, na nusu karne baadaye ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya aliyoyajua, akisaidiana na mmishenari mmoja wa Kiingereza, W. E. Taylor, aliyekuwa akikaa hapa Mombasa. Mwalimu Sikujua akafa 1890. Zile karatasi zikenda Uingereza na Taylor, zikaingia mikononi mwa William Hichens, Mwingereza mwingine mtafiti wa mashairi ya Kiswahili, naye akazitoa kitabu 1940 huko Johannesburg. Karatasi zenyewe leo ziko London, chuo cha SOAS. Sasa angalia safari hiyo, Mombasa, London, Johannesburg, hata mtu wa Mombasa asome shairi la babu yake.

Nami nilikwenda huko kwa masomo nikaomba kuona miswada ya Lamu. Waingia na penseli tu, kalamu huruhusiwi, mkoba waacha kabatini, waletewa sanduku moja na mto wa sponji wa kulazia daftari lisivunjike mgongo. Nikaletewa kazi ya mkono wa Muhamadi Kijuma. Huyu alikuwa fundi wa kila kitu, khati, kuchora milango, ngoma, na Wazungu wakimlipa kuwanakilia tenzi, Alice Werner, Hichens, na Dammann Mjerumani ambaye miswada yake iko Ujerumani. Ule mwandiko dada, sikwambii, wino mweusi na mwekundu, kila beti yakaa kama imepimwa kwa uzi. Nililia pale mezani nikaogopa chozi lisidondoke juu ya karatasi.

Sisemi wamefanya vibaya kuzitunza. Zimetunzwa, na lau hazikwenda huenda tusingekuwa nazo. Lakini mjukuu wa Kijuma akitaka kuona mkono wa babu yake atake viza kwanza.

Siku hizi hapana haja ya hayo. Miswada ya msikiti wa Riyadha kule Lamu ilipigwa picha ikawekwa kwenye intaneti kwa mpango wa maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, na sharti lao lenyewe ni kwamba karatasi asili haziondoki nchini. Picha zaonekana dunia nzima, kitabu kiko Lamu. Hivyo ndivyo ningependa na ya babu yako yawe. Toa picha, usitoe karatasi zikavuka bahari.

Na usidharau karatasi yoyote kwa sura yake. Abdilatif Abdalla alipokuwa kifungoni 1969 hadi 1972 mashairi aliyaandika kwenye karatasi za choo. Mtu nadhifu angezitupa.

baba_salma_temeke

Mimi nitakua tofauti kidogo na waliotangulia, msinielewe vibaya.

Marehemu baba alikua mwigizaji na mwandishi wa michezo ya redio. Alipofariki tukaambiwa maneno haya haya, pelekeni kwenye taasisi, hazina ya taifa. Tukapeleka maboksi manne kwa ofisi moja sitaitaja. Hatukupewa karatasi yoyote, tuliaminiana tu, afisa alikua mtu mzuri akatushika mkono. Baada ya mwaka na nusu nikapita kusalimia, yule afisa kahamishwa, aliyepo hajui habari, maboksi mawili nikayakuta koridoni chini ya dirisha lisilo na kioo, masika ilishapita hapo. Mawili mpaka leo sijui yalipo. Nilishika mswada wa mchezo ambao niliuskia redioni nikiwa darasa la tatu, umeshikana kama mkate uliolowa, ukiinua ukurasa unakuja na mwenzie.

Alafu kabla ya hapo, tukiwa msibani bado, shangazi alishatoa rundo la karatasi "chafu" kwa mama muuza vitumbua pale nje. Wiki ile nilikula vitumbua vimefungwa na mwandiko wa baba. Nikanunua vyote vilivyobaki ili nipate karatasi, zilikua zimeshalowa mafuta. Bado ninazo.

Kwaiyo dada mi nakushauri baki nazo nyumbani. Angalau ukizipoteza umezipoteza mwenyewe.

mtunza_kabati

@baba_salma_temeke pole sana ndugu yangu. Siwezi kukubishia, mambo hayo yapo na nimeyaona, na yananiuma mimi zaidi maana ndo kazi yangu.

Lakini nyumbani nako si salama, nyumba ya bati joto lake mchana linakausha karatasi mpaka inavunjika, mtoto wa pili akioa chumba kinatakiwa, na kizazi cha tatu hakimjui aliyeandika. Shida ya kwenu haikua kupeleka, shida ilikua kupeleka bila orodha na bila hati. Mwanangu wa Chumbageni, usikabidhi kitu chochote popote mpaka uwe na vitu hivi mkononi: orodha yako mwenyewe ya fungu kwa fungu, hata kama ni kwenye daftari la shule, na hati ya makabidhiano inayosema nani anatoa, nani anapokea, kinachotolewa ni zawadi moja kwa moja au ni amana mnayoweza kuichukua tena, nani anaruhusiwa kusoma, na nini kifungwe mpaka mwaka gani. Isainiwe na pande zote mbili kila ukurasa pamoja na ile orodha. Afisa akihamishwa hati haihami.

Hilo la kufunga mwambie mjomba, litampunguzia hofu ya majina ya watu. Kama kuna barua inataja deni la mtu au ndoa iliyovunjika na wahusika au watoto wao wako hai, unaweza kusema fungu hili lisifunguliwe kwa miaka thelathini. Si lazima uchome. Ndo kazi ya kufunga.

Mahali pa kuuliza: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna TATAKI, ambayo ndo TUKI ya zamani, na maktaba yao ina sehemu ya East Africana, yani ya vitabu na nyaraka za Afrika Mashariki. Miaka ya 60 J. W. T. Allen alizunguka pwani hii yote kukusanya miswada na kanda za tenzi na akaziweka pale, katalogi yake ikatoka 1970. Nyingi zilitoka kwa watu ambao hakuna aliyekua anawajua nje ya mtaa wao. Pia kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Nenda na picha kwanza, usiende na matranka. Uliza chumba chao cha kuhifadhia kiko wapi na uombe ukione kwa macho. Anayetunza vizuri hakasiriki ukiomba kuona.

msomaji_mlimani

Naomba niongezee kitu kimoja ambacho naona kimepita haraka, leja na mihtasari ya vikao. Tafadhali dada usidhani mashairi ndo mali na hesabu ni takataka.

Nilipokua nafanya utafiti wangu kuhusu maigizo Nairobi nilihitaji kujua kuhusu kituo cha Chemchemi, kilianzishwa 1963 na Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekua uhamishoni. Walikua na semina za uandishi, maigizo, maonesho ya picha. Nikauliza watu wazima Nairobi, kumbukumbu zipo nzuri lakini za juu juu. Sasa barua za nani kalipa kodi ya jengo, nani kalipa mishahara, bajeti zimekatwa wapi, hizo ukizitaka unaambiwa uende Chicago. Kwa sababu hela ilikua inatoka kwenye shirika moja la Paris, Congress for Cultural Freedom, na nyaraka zake ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Chicago. Na ni shirika hilo hilo ambalo mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yakafichua kwamba nyuma yake ilikua CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Waandishi wengi waliokua wanapokea walikua hawajui. Yani bila makaratasi ya hesabu stori yote ya utamaduni ya miaka ile unaisoma nusu.

Hivo hivo ile ofisi ya London, Transcription Centre, iliyoanza 1962 na kurekodi mahojiano na waandishi wa Afrika kwa ajili ya redio zetu, makaratasi yake yapo Austin, Texas, maktaba ya Harry Ransom. Maktaba hiyo hiyo ilinunua makaratasi ya García Márquez, mwandishi wa Kolombia, mwaka 2014 kwa dola milioni 2.2, na ya Coetzee, mwandishi wa Afrika Kusini, kabla yake kwa milioni moja na nusu. Nawatajia hizo hela muone kwamba wenzetu hawaiti takataka, mpaka rasimu iliyokatwakatwa inawekewa joto na baridi yake maalumu. Barua za wachapishaji wa Heinemann na waandishi wetu ziko Reading, Uingereza. Soyinka na Achebe makaratasi yao Harvard.

Na kuna jambo linanikaa moyoni kila nikifika hapa. Mkutano mkubwa wa waandishi wa Makerere ulikua Juni 1962, ulilipiwa na shirika hilo hilo, na uliitwa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert alifariki Juni hiyo hiyo. Waliokaa Makerere picha zao, hotuba zao, nauli zao, vyote vimehifadhiwa kwenye maboksi safi. Washairi wa Kiswahili waliokua wanakutana Tanga, Dodoma, Mombasa kwenye vibaraza na ukumbi wa shule hawakua na shirika la Paris. Walikua na katibu. Sasa wewe una kaunta buku tatu za katibu! Dada sijui nikuelezeje. Ada ya mwanachama ilikua shilingi ngapi, nani alilipa, nani alikopwa, walijadili nini Azimio la Arusha lilipotoka, walikubali washairi wanawake lini, hayo hayapo Chicago wala Texas wala popote. Yapo kwenye tranka la babu yako peke yake.

Nikija Tanga mwezi wa saba naomba mnikaribishe nisaidie kupiga picha. Simaanishi kuchukua chochote.

wakili_pembeni

Haraka kuhusu "tusije tukadhulumiwa". Kumiliki karatasi na kumiliki maneno ni vitu viwili. Mkitoa karatasi hamjatoa hakimiliki mpaka mseme hivo kwa maandishi, kwaiyo kwenye hati andikeni wazi kwamba hakimiliki inabaki kwa warithi. Kwa Tanzania bara na kwa Kenya pia hakimiliki inadumu uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Mashairi ya babu ni ya warithi wake wote, sio ya mjomba peke yake wala yako, kwaiyo wasaini wote au watoe mtu mmoja kwa muhtasari wa kikao cha familia.

Lakini barua alizoandikiwa babu, karatasi ni zenu, maneno ni ya walioandika. Mtu anaweza kuzisoma kwa utafiti, kuzichapisha kitabuni lazima atafute warithi wa mwandishi. Na karatasi za chama si za babu, alikua anazishika kama katibu. Kama kuna wanachama wawili watatu wazee bado wapo hai waulizeni na wao wasaini. Itawapa heshima na itawakinga nyie.

mtunza_kabati

Wakili kasema kweli. Na hizo kanda nilizisahau: kila kaseti ina vile vijipande viwili vya plastiki kwa juu upande wa nyuma, vivunje leo leo, ukivunja hakuna mtu anaweza kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Usizicheze kwenye redio mbovu kujaribu, kanda ikinaswa mara moja imekwisha. Zenye unga mweupe ni fangasi, zitenge.

mjukuu_chumbageni

Jamani sijui niwashukuruje. Naleta mrejesho.

Kikao cha familia kilikaa Jumapili. Mjomba kakubali hakuna kuchoma. Wazee wawili wa chama wapo hai, mmoja yuko Muheza haoni vizuri, tulipomtajia kaunta buku akataja kwa kichwa nani alikua mwenyekiti kila mwaka na akasema kikao cha mwisho hawakuandika muhtasari kwa sababu kalamu iliisha wino wakaahirisha na hawakukutana tena. Mpaka sasa nimeorodhesha mafungu 61 ya T1, picha 900 na kitu, napiga asubuhi karibu na dirisha bila flashi, mbele na nyuma, na naweka nakala kwenye laptopu, kwenye hadi diski ya dada yangu Dar, na kwenye imeili.

Swali langu jingine kwa @binti_wa_mvita. Zile karatasi za Kiarabu tulizoweka na misahafu, kuna tatu ambazo mama anasema sio Kurani kwa sababu mwishoni zina jina la bibi yake mzaa baba, yani mama wa babu. Sisi tulijua ni dua. Nimekuwekea picha ya moja hapo chini, unaweza kujaribu kuisoma?

binti_wa_mvita

Dada, si dua. Hiki ni Kiswahili, herufi tu ndizo za Kiarabu. Mama zetu wengi hawakwenda skuli lakini chuo cha Kurani walisoma, wakaandikiana hivi. Yataka kuzoea kwa sababu hati hii ya kale herufi moja waisoma b, au p, au mb, kwa maana ya neno. Nimekaa nayo tangu alasiri.

Baada ya bismillahi na salamu amwandikia mwanawe aliye masomoni. Asema mvua imenyesha, mnazi wa nyuma umeanguka lakini haukugusa nyumba. Amtaka akija amletee dawa ya macho na kanga jozi moja, "isiyo na maneno ya ugomvi". Kisha kuna mistari minne ambayo mwanzo sikuifahamu, nikadhani nimekosea kusoma, hata nilipohesabu nikaona ni nane na nane. Amemwandikia shairi. Beti moja, amwambia asisahau kula. Kina cha kati ni "ni".

Tafadhali niletee hizo mbili nyingine. Na mbele na nyuma, kwa nyuma naona kama kuna wino umepenya.

mjukuu_chumbageni

Mama analia hapa, mjomba kaichukua simu yangu kaenda nayo barazani anaisoma mwenyewe kwa mara ya tatu sasa. Hakuna aliyejua kama yule bibi alikua anatunga. Babu hakuwahi kusema.

Picha mbili hizo nimeziweka. Nimezipa namba T1-14 na T1-15, zilikua ndani ya lile daftari la "Halijalala", nimeangalia kwenye picha nilizopiga kabla hatujazitoa, zilikua ukurasa uleule. Mjomba anauliza ukimaliza unaweza kumpigia umsomee kwa sauti, nakutumia namba pembeni.